Shajara ya mradi: bendi ya p53 iliyogoma kuondoka

Wiki ya 1, Jumatatu

Naanza hii shajara leo kwa sababu daftari la maabara lina tarehe na namba tu, halina pa kuandika kwa nini niliamua hivi na sio vile. Mwaka jana nilirithi daftari la mwenzangu aliyemaliza, kila ukurasa umeandikwa "antibodi imefanya kazi", basi, haisemi ilifanya kazi vipi wala alijuaje kama imefanya kazi. Sitaki atakayekuja baada yangu akutane na hicho kitu.

Mradi wenyewe ni wa saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Huku kwetu ugonjwa huu umekaa vibaya, kuna ukanda mzima unaanzia Ethiopia unapita Kenya na Tanzania mpaka Malawi na kushuka kusini, wagonjwa wake ni wengi kuliko sehemu nyingi duniani. Mjomba wangu ndiyo iliyomchukua. Ilianza ugali kukwama, akahamia wali uliolainishwa, akahamia uji, mwisho hata maji yakawa yanarudi, na hapo ndo tukampeleka hospitali, muda ulikuwa umeshaenda sana.

Kwenye saratani hii, ile aina ya seli bapa, jeni inayokutwa imeharibika mara nyingi kuliko zote ni TP53, jeni inayotengeneza protini ya p53. Kazi ya p53 ni kulinda, DNA ikikatika p53 inaisimamisha seli isigawanyike kwanza mpaka irekebishwe, na ikishindikana inaiamuru seli ijiue. Ikiharibika mlinzi hayupo. Mara nyingi p53 iliyoharibika haiondolewi kwenye seli, inarundikana kwenye kiini, kwa hiyo ukipaka antibodi (kingamwili) ya p53 kwenye kipande cha tishu cha mgonjwa unaona viini vimekolea rangi. Huko ndo nataka kufika, vipande vipo, vimehifadhiwa kwenye nta, kamati ya maadili imesharuhusu.

Ila kabla sijagusa kipande hata kimoja cha mtu kuna swali la kujibu. Hii antibodi ninayoshika inaona p53 kweli, au inaona kitu kingine kinachofanana nayo?

Wiki ya 1, Ijumaa

Nilichonacho: antibodi moja ya sungura ya p53, polikloni, imekaa kwenye friji miaka, lebo imefutika nusu. Na aina tatu za seli kwenye naitrojeni ya maji: A549, H1299 na HeLa.

Hizi seli sikuzichagua kwa kubahatisha. A549 na H1299 zote zilitoka kwenye saratani ya mapafu, ila A549 ina p53 nzima na H1299 haina kabisa, sehemu ya jeni imekatika kwenye nakala zote, protini haitengenezwi. HeLa ni hadithi nyingine, nitairudia. Kwa hiyo nina seli yenye kitu na seli isiyo na kitu, na huo ni utajiri mkubwa kwenye kazi hii, protini nyingi hazina bahati ya kupata seli ya kulinganisha namna hii.

Leo nimefanya westani bloti ya kwanza. Kwa asiyejua: unazivunja seli, unatenganisha protini zake kwenye jeli kwa umeme ili ndogo zikimbie na kubwa zibaki nyuma, unazihamishia kwenye membreni, halafu unapitisha antibodi ikatafute protini yako. Nimepakia mikrogramu 20 kwa kila njia ya jeli (njia moja, sampuli moja), na seli nyingine nilizipa doksorubisini usiku kucha, dawa inayokata DNA, ili p53 ipande.

Bendi, yaani mstari wa protini, ilitokea. Nzito, nyeusi, safi, juu kidogo ya alama ya uzito wa kilodaltoni 50, pale pale p53 inapotakiwa kukaa. Nikafurahi kama sekunde kumi. Halafu nikaangalia njia ya H1299 nayo ikawa na bendi ile ile, unene ule ule.

Nikampelekea mwalimu wangu picha. Nikamsalimia, shikamoo Dokta, akaitikia huku anaangalia skrini, akaweka kidole kwenye njia ya H1299 akasema, "Hapa hakuna p53, sasa hii ni nini?" Sikuwa na jibu.

Wiki ya 2, Jumanne

Nimekaa na hilo swali siku tatu.

Kwanza kuhusu namba. p53 ina amino asidi 393 (vipande vinavyoijenga protini), ukipiga hesabu uzito wake unakuja kama kilodaltoni 44, sio 53. Jina ilipewa kwa jinsi ilivyokimbia kwenye jeli ilipogunduliwa 1979, kuna eneo lake lina prolini nyingi linaifanya iburuze, kwa hiyo inaonekana nzito kuliko ilivyo. Nalisema hili kwa sababu watu tunaamini bendi kwa kuwa "imekaa kwenye uzito wake", wakati uzito wa kwenye jeli ni makadirio tu, na karibu na 50 kuna protini kibao. Bendi kukaa mahali pake ni dalili. Ushahidi ni kitu kingine.

Pili kuhusu antibodi yenyewe. Polikloni inatoka kwenye damu ya mnyama, unamchoma sungura protini, mwili wake unatengeneza antibodi za kila aina, nyingine zinashika p53 kichwani, nyingine mkiani, nyingine hazina habari na p53, zilikuwemo tu kwenye damu yake. Wote hao wamo kwenye tyubu moja. Na sungura akifa, umekwisha, loti inayofuata ni ya sungura mwingine na mchanganyiko mwingine.

Monokloni ni kitu tofauti kabisa. Mwaka 1975 pale Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walichukua seli B za panya, hizi ndo zinatengeneza antibodi, kila seli inatengeneza aina moja tu lakini ukiiweka kwenye sahani inakufa baada ya muda mfupi. Wakaziunganisha na seli za saratani za mayeloma ambazo hazichoki kugawanyika. Zikatoka hibridoma, zina kipaji cha wazazi wote wawili, zinatengeneza antibodi moja ile ile na hazifi. Unaichagua moja unaikuza peke yake, na ukoo wake wote utatoa antibodi inayoshika sehemu ile ile. Hawakuchukua hataza, ikasambaa dunia nzima, na 1984 wakapewa Nobeli pamoja na Niels Jerne. Kila nikifikiria kipimo cha ujauzito cha duka la dawa na dawa za saratani zinazoishia na "mabu", zote zimepita mlango huo, naona ni kazi ya heshima sana ile.

Kwa hiyo tunaagiza monokloni. Kwa p53 chaguo langu ni DO-1, ya panya, inashika amino asidi ya 20 mpaka 25, karibu kabisa na kichwa cha protini. Udhaifu wake najua: kuna umbo fupi la p53 linaloanzia amino asidi ya 40, DO-1 hailioni. Nimeliandika hapa ili baadaye nisije nikasema "hakuna p53" wakati nilipaswa kusema "hakuna p53 yenye kichwa".

Angalizo kwa atakayeagiza baada yangu. Kloni moja inauzwa na kampuni nyingi kwa namba tofauti. Ukinunua mbili kwa kampuni mbili ukadhani umethibitisha kwa antibodi mbili huru, angalia jina la kloni kwanza, unaweza kuta umenunua kitu kimoja mara mbili.

Wiki ya 2, Alhamisi

Tumeagiza DO-1, na nyingine PAb421 inayoshika mkiani. Na siRNA tatu, vipande vifupi vya RNA vya kunyamazisha jeni ya TP53.

Wiki ya 5, Jumatatu

Wiki mbili zimepotea mzigo ukiwa uwanja wa ndege, karatasi moja ilikuwa na herufi imekosewa kwenye jina la idara, ikabidi irudi ikaandikwe upya. Nilikuwa nalala nawaza barafu inavyoyeyuka. Mzee wa stoo ndo kanituliza, kafungua boksi mbele yangu akasema mwanangu angalia, siRNA ni unga, haina shida. Na kweli, siRNA inakuja imekaushwa na inavumilia joto la kawaida siku kadhaa bila tatizo. Antibodi nazo zilikuwa bado baridi. Nimezigawa kwenye tyubu ndogo ndogo kabla ya kuzigandisha, maana kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara ndo kunaziua.

Halafu ukipokea tyubu ya siRNA usiifungue hivi hivi. Unga wenyewe hauonekani kwa macho, unaweza kuwa umekaa kwenye kifuniko, ukifungua umeshaupoteza na hutajua, utalaumu jaribio mwezi mzima. Zungusha kwenye sentrifuji kwanza. Halafu nanomoli 5 kwenye mikrolita 250 za bafa isiyo na vimeng'enya vya kula RNA, unapata mikromola 20. Kwenye kisima cha mililita 2 nataka nanomola 10, hiyo ni mikrolita 1 tu. Mikrolita moja! Tone ambalo likining'inia kwenye ncha ya pipeti inabidi uinue kwenye mwanga ndo ulione, na ndo linaenda kunyamazisha jeni kwenye seli laki kadhaa.

Wiki ya 5, Jumatano

Naandika jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu jana mdogo wangu kaniuliza "kunyamazisha jeni ndo kuikata?" nikagundua sijawahi kuieleza vizuri.

Hapana, jeni haikatwi. Jeni inabaki nzima kwenye kiini, inaendelea kunakiliwa kuwa mRNA kama kawaida. Kinachokatwa ni ile mRNA, barua iliyobeba maagizo, inararuliwa njiani kabla haijasomwa. Seli zenyewe zina mashine ya kazi hiyo, RISC, ndani yake kuna protini inaitwa Argonauti. Unaipa kipande kifupi cha RNA ya nyuzi mbili, herufi kama 21, inabaki na uzi mmoja kama mfano, kila mRNA inayolandana na ule uzi inakatwa.

Walioanza kuona dalili walikuwa watu wa maua. Mwaka 1990 walitaka petunia ziwe zambarau zaidi, wakaongeza jeni ya rangi, badala yake mengine yakatoka meupe. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello wakaonyesha kwa minyoo midogo kwamba kinachonyamazisha ni RNA ya nyuzi mbili, Nobeli 2006. Lakini kwa seli za binadamu ilikuwa shida, ukizipa RNA ndefu ya nyuzi mbili zinadhani ni kirusi, zinapiga kengele ya interferoni na kila kitu kinasimama. Mpaka 2001 kundi la Thomas Tuschl kule Ujerumani likaonyesha kwamba vipande vya herufi 21 vinapita bila kuamsha hiyo kengele, na jeni inanyamaza.

Sasa unganisha na antibodi yangu. Nikinyamazisha TP53, p53 itapungua. Antibodi inayoona p53 kweli lazima bendi yake ipungue. Isipopungua, inaangalia kitu kingine, hata lebo ya tyubu iseme nini.

Wiki ya 6, Alhamisi

Transfeksheni ya kwanza, yaani kuingiza siRNA ndani ya seli, imeharibika. Umeme ulikatika saa nane usiku, jenereta ya jengo ikachelewa, inkubeta ikashuka hadi 29. Seli zilikuwa tayari zimelewa yale mafuta yanayoingiza siRNA ndani, na baridi juu yake, asubuhi nikakuta nyingi zimejikunja kama punje zinaelea. Nimezimwaga zote. Ningeweza kuvuna zilizobaki nikaona tu itakuwaje, lakini seli zilizo kwenye dhiki zinapandisha p53 zenyewe, jibu lingekuwa la uongo.

Naanza tena Jumapili.

Wiki ya 7, Ijumaa

Nimejifunza mambo kadhaa kwa mkupuo. Seli nimezipanda chache zaidi, zikiwa zimefunika sahani chini ya nusu wakati wa kuweka siRNA, kwa sababu zinahitaji nafasi ya kukua saa 48. Dawa za kuua bakteria nimezitoa siku ile ya transfeksheni. Na kontroli ni tatu, wala hakuna ya kuruka: kisima kisichoguswa, kisima chenye mafuta tu bila siRNA, na kisima chenye siRNA isiyolenga jeni yoyote ya binadamu. Bila hiyo ya tatu huwezi kujua kama kilichobadilisha seli ni TP53 kunyamaza au ni usumbufu tu wa kuingiziwa RNA.

Kontroli ya upakiaji, ile protini ya kuonyesha kwamba kila njia imepakiwa sawa, nayo ilinisumbua kichwa. Wengi hapa tunatumia tubulini, lakini tubulini iko 50, inagongana na p53 kabisa. Nimehamia vinkulini, iko juu huko karibu na 117, membreni unaikata katikati na kila nusu inaenda na antibodi yake.

Na maziwa. Kuziba membreni tunatumia maziwa ya unga asilimia 5, stoo yalikuwa yameisha nikakimbilia duka la chini nikanunua pakiti, sikusoma. Yalikuwa yenye mafuta yote. Membreni ikatoka na wingu la kijivu kila mahali kama kioo chenye mvuke. Yanatakiwa yasiyo na mafuta. Dada yetu wa PhD kaniongezea na lingine, bafa yoyote iliyowekewa sodiamu azaidi isiikaribie antibodi ya pili, ile inayoishika ya kwanza na kubeba kimeng'enya cha HRP kinachotoa mwanga, azaidi inakinyonga, unapata membreni nyeupe tupu na unadhani protini haipo.

Wiki ya 8, Jumanne

Leo nimesubiri sana kuiandika.

Kwanza mRNA. Nimepima kwa PCR ya kuhesabu, kwenye A549 zilizonyamazishwa TP53 ilichelewa kuonekana kwa mizunguko 3 ukilinganisha na kontroli. Kila mzunguko ni mara mbili, kwa hiyo 3 ni mara nane, imebaki kama sehemu moja ya nane ya mRNA. Nzuri. Lakini mRNA sio protini, kuna protini zinaishi siku nyingi, mRNA inaisha na yenyewe bado ipo inazunguka, ukipima saa 24 unasema siRNA haifanyi kazi. p53 hapa imenisaidia, kwenye seli tulivu maisha yake ni dakika tu, kama 20, maana protini nyingine inaitwa MDM2 inaishika kichwani na kuipeleka ikasagwe. (MDM2 inaishika hapo hapo DO-1 inaposhika, na huwa napenda sana kuwaza hilo.)

Halafu bloti. Jeli mbili sambamba, sampuli zile zile, moja inaenda na antibodi ya sungura ya zamani, nyingine na DO-1. Nikalala nazo zikiwa kwenye chumba cha baridi zinatikiswa taratibu usiku kucha.

Asubuhi kwenye kamera, giza, sekunde 10 hakuna kitu, sekunde 30, dakika. Ya DO-1 ikaanza kuja. A549 bila dawa, kamstari kembamba. A549 na doksorubisini, mstari mzito. A549 na doksorubisini na siRNA isiyolenga kitu, mzito vile vile. A549 na doksorubisini na siRNA ya TP53, kivuli tu, unahitaji kuongeza mwanga wa skrini ndo ukione. H1299, tupu. Tupu kabisa, na vinkulini kwenye kila njia imekaa sawa sawa kama askari kwenye gwaride, maana yake protini ilipakiwa vizuri na tupu ile ni tupu ya kweli.

Kisha nikaweka ya sungura. Bendi nene kwenye kila njia. Siyo siRNA, siyo H1299, hakuna kilichoitikisa.

Nimekaa pale nikaangalia ile picha muda mrefu. Lile daftari nililorithi lina kurasa na kurasa za bendi hiyo. Grafu zimechorwa, nguzo ndefu na fupi, "p53 imepanda", "p53 imeshuka". Yule mwenzangu alifanya kazi kwa bidii na kwa uaminifu, mwandiko wake unaonyesha, na alichokuwa akipima hakijulikani ni nini. Imeniuma. Nimemwandikia kumweleza, na nimempa picha zote mbili, nadhani angependa kujua kuliko kutojua. Tyubu ya sungura nimeiandikia kwa kalamu nyekundu "haioni p53, ona shajara wiki ya 8" nikairudisha kwenye friji, sijaitupa, kwa sababu mtu akikuta pengo ataagiza nyingine.

Wiki ya 9, Jumatatu

Kanijibu. Kasema ahsante, na kwamba kuna mahali matokeo yake hayakuwa yakiendana na alikuwa akijilaumu mwenyewe.

Wiki ya 10, Alhamisi

Kuna tatizo na siRNA namba 1. Namba 2 na namba 3 zinashusha p53 na seli zinabaki na sura yao. Namba 1 inashusha p53 vizuri kuliko zote, ila seli zinarefuka na kufa nyingi. Ningekuwa na namba 1 peke yake ningeandika kwamba kupoteza p53 kunaua A549, na ningeiamini.

Jinsi ya kuithibitisha nimeipata kwa kuikumbuka H1299. Nimeziwekea zile siRNA zote tatu. Namba 2 na 3, seli ziko salama, kama zile za kontroli. Namba 1, zimekufa. Sasa H1299 haina p53 ya kupoteza, kwa hiyo kinachoziua hakiwezi kuwa p53. Ni siRNA yenyewe inakata au kuzuia mRNA nyingine tusizozijua. Tangu 2003 ilishaonyeshwa kwamba siRNA inaweza kugusa jeni nyingine nyingi, na baadaye ikaonekana kwamba kulandana kwa herufi chache tu, hasa ya 2 mpaka ya 8, kunatosha. Ndo maana siRNA moja haitoshi, zinahitajika angalau mbili zenye mfuatano tofauti zinazotoa jibu moja, na dozi iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Namba 1 nimeiondoa kwenye mradi.

Yaani kila chombo kinahitaji chombo kingine cha kukichunga. siRNA inaichunga antibodi, na antibodi ndo inayosema kama siRNA imeshusha protini, sasa zote mbili zikiwa mbovu zinaweza kukubaliana kwa bahati mbaya. Kwa hiyo nimeongeza upande wa pili: plazmidi (kipande cha DNA cha duara) yenye jeni ya p53 ndani ya H1299, seli isiyo nacho nikaipa. DO-1 ikaona bendi, PAb421 ya mkiani ikaiona pale pale. Nilivuna saa 24 tu, ukingoja zaidi p53 inazisimamisha seli na kuziua. Na p21, protini ambayo p53 huiamsha, ilishuka kwenye A549 pamoja na p53 nilipoweka namba 2 na 3. Mwaka 2016 kikundi cha kimataifa kilipendekeza njia tano za kuthibitisha antibodi, kuondoa au kunyamazisha jeni, kupima kwa njia isiyotumia antibodi, kutumia antibodi mbili za sehemu tofauti, kuipa seli protini yenye alama, na kuivua protini kisha kuipima uzito kwa mashine. Hiyo ya mwisho mashine hatuna. Ya alama nayo sijaifanya kama walivyosema, plazmidi yangu haina alama. Hizo tatu nyingine nimezigusa.

Wiki ya 12, Jumatano

HeLa sasa.

Hizi seli zilitoka kwa Henrietta Lacks, mama wa watoto watano, alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore mwaka 1951, zikachukuliwa bila yeye kujulishwa, akafariki mwaka huo huo akiwa na miaka 31. Nazigusa kila wiki na nimeona jina lake likae humu.

HeLa zina p53 nzima, jeni haina hitilafu, lakini kwenye bloti DO-1 inaonyesha kamstari hafifu sana. Sababu ni kirusi cha HPV aina ya 18 kilichojipachika humo, protini yake E6 inaikamata p53 na kuipeleka ikasagwe. Mlinzi anazaliwa kila dakika na kila dakika anatolewa.

Nikawaza, mpaka sasa nimenyamazisha jeni ili bendi ipotee. Vipi nikinyamazisha E6? Wengine walishafanya miaka ya nyuma, mi nilitaka kuona kwa antibodi yangu. E6 na E7 zinakaa kwenye mRNA moja kwa hiyo ukikata unazikata zote. siRNA, saa 48, sikuweka doksorubisini wala chochote.

Bendi imekuja. Nzito, karibu sawa na ya A549 yenye dawa. Sikuongeza p53 hata chembe, ilikuwa inatengenezwa muda wote. Nimemwita dada wa PhD aje aone, na mzee wa stoo alikuwa anapita naye akaja, nikamweleza, akauliza, "Kwa hiyo hao kina mama wengi wanaoumwa saratani hii ya mlango wa kizazi, mlinzi wao yupo ila anazuiwa?" Nikamwambia ndiyo mzee, kwa wengi wao ndivyo. Akatikisa kichwa.

Wiki ya 14, Ijumaa

Antibodi kufaulu kwenye bloti haimaanishi itafaulu kwenye tishu. Kwenye bloti protini imekunjuliwa, kwenye tishu iliyolowekwa fomalini imefungwa kwa vifundo, sehemu inayoshikwa inaweza kufichika. Kwa hiyo kabla ya wagonjwa nimetengeneza vipande vyangu: nimevuna A549 zenye doksorubisini, A549 zenye doksorubisini na siRNA namba 2, na H1299, nikazigandamiza kama vidonge, fomalini, nta, zikakatwa nyembamba kama tishu yoyote. Nikazichemsha kwenye bafa ya sitreti ya pH 6 kufungua vile vifundo, DO-1, rangi ya kahawia kwa p53 na bluu kwa viini vyote.

Kwenye darubini A549: viini kahawia, kimoja kimoja, kingo safi, na nje ya kiini hakuna kitu. Zenye siRNA: bluu nyingi, hapa na pale kiini kimoja cha kahawia, nadhani ni seli ambayo siRNA haikuifikia. H1299: bluu tupu mwanzo hadi mwisho wa kipande.

Mwalimu kaangalia zote tatu, karudi ya tatu akaipitia tena kona hadi kona, kisha akasema kila tutakapopaka tishu ya mgonjwa vile vidonge vitatu vipakwe siku hiyo hiyo kwenye rafu ile ile. Nimekubali. Vidonge vinatosha kukata vipande vingi.

Jumatatu natoa vipande vinne vya kwanza. Vina namba tu, majina hatupewi.